Mashine ghali ya kuvuta vumbi hapa Mtwara: inadumu, ila ulizia mfuko kwanza

Ninayotumia ni ya Kijerumani, ya waya, yenye mfuko wa kukusanyia vumbi, wati 890. Kazi yake ni mazulia na makochi ya nyumba ya wageni hapa Shangani. Kama kwako ni vigae na mkeka tu, hela yako kaa nayo: ufagio na dekio vinatosha.

Bei unaiona kwenye mota na viungo vya bomba. Wati nyingi zisikudanganye. Ulaya tangu Septemba 2017 mashine hizi lazima ziwe chini ya wati 900, na bado zinanyonya kuliko nyingi za bei chee zilizoandikwa 2,000, maana hewa haivuji njiani.

Adui wa huku ni mchanga wa pwani, ule laini unaoingia na viatu. Mota inapozwa na hewa ileile inayonyonywa. Mfuko ukitoboka, vumbi linaingia kwenye beringi; filta ikiziba, mota inachemka mpaka kinga ya joto inaikata. Ikizima ghafla usihangaike na swichi. Chomoa, toa mfuko, kagua shingo ya bomba (soksi za watoto hupenda kulala pale), iache ipoe kama nusu saa. Mfuko naubadilisha ukifika robo tatu, na siukung'uti nikaurudisha: matundu yakishazibwa na mchanga laini, hata mtupu haupitishi hewa. Filta ya sponji naiosha kwa maji baridi, naianika kivulini saa 24, masika hata 48. Ukiirudisha mbichi, nyumba nzima inanuka uvundo.

Ukiona cheche kali kwa nyuma na harufu ya kuungua, anza na kaboni, vile vipande viwili vinavyogusa sehemu ya mota inayozunguka na kuipelekea umeme. Fundi wa drili anaziweza. Akikosa saizi akachonga kubwa kwa msasa, hakikisha zinateleza kwenye vishikio vyake bila kubana, la sivyo zitakwama, cheche zitazidi na kuiharibu mota.

Zisizo na waya sizishauri, hata za bei kubwa. Betri ya lithiamu na joto letu havipatani; ukiichaji ikiwa bado moto unaimaliza mapema, na kwenye nguvu ya juu inakaa dakika chache tu.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama mfuko wa modeli hiyo anao dukani. Akisema unaagizwa Dar, agiza pakiti mbili siku hiyohiyo.