Dakika 25 au siku nzima: uianzeje kazi inayokutisha?

Sanduku la makaratasi ya marehemu babu lilikaa chini ya kitanda, kwetu Mji wa Kale, Mombasa, miaka miwili. Kila nikilivuta, zile karatasi zilizoliwa na mchwa zilinivunja moyo.

Njia ya kwanza ni kidogo kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwitaliano Francesco Cirillo alijipimia kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Haina gharama, na woga hupungua kwa kuwa unachojiahidi ni kidogo. Nilianza na bahasha moja baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Ugumu ni kuidumisha. Ukiruka siku tatu, sanduku linatisha tena.

Kujitosa siku nzima kunakula Jumapili yako, pamoja na pilau ya ndugu waliovuka Likoni kuja kukusaidia. Lakini jioni unaiona sakafu tupu, na hilo linatia moyo ajabu.

Mwenye watoto wadogo au zamu za bandarini, dakika 25 zitamfaa zaidi. Kazi isiyotaka kukatwa katikati, kama kupaka chokaa, itengee siku. Mimi hati ya shamba, niliyokuwa nikiitafuta sandukuni, niliipata kwenye bahasha ya tisa. Kabati la babu lilitaka siku nzima na binamu wawili.