Tahadhari: Hizi "GTX 1050 Ti" za bei nafuu hapa mjini, angalieni vizuri kabla ya kulipa

Mnaotafuta kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu hapa Nairobi, someni hii kabla hamjatuma pesa. Mimi nimepigwa shilingi 38,000, na kwa wiki tatu nzima nilidhani kosa ni langu.

Nina saiba ndogo Umoja. Wikendi vijana wanaoulizia gemu ni wengi kuliko wanaokuja kuchapisha karatasi, nikaona nitafute mashine moja yenye nguvu kidogo. Muuzaji nilimpata mtandaoni. Kibanda chake ni kimoja cha vile vya vioo, ndani ya jengo la ghorofa, dakika chache kwa miguu kutoka Luthuli. (Luthuli kwenyewe nimenunua vitu miaka mingi bila shida, sitaki kuwaharibia watu jina.) Jamaa ni mcheshi, kila mtu kwake ni "boss". Akaiwasha, akafungua Windows, akaniwekea kidole kwenye skrini: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, gigi 4. Hiyo ndiyo kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini. Nikamwambia skrini yangu ni ya zamani, ni ya VGA, ule waya wa kizamani wa tundu la buluu. "Usijali boss, hii kadi inakubali kila kitu." Akaigeuza, akanionyesha tundu la buluu nyuma. Nilifurahi kama mtoto. Hilo tundu nitalirudia.

Akaniomba nitume kwa namba yake ya simu, eti till ina matatizo leo. Risiti aliyoniandikia ilisema "kompyuta 1 kamili", basi. Jina la kadi halipo popote. Juu ya kava akabandika stika: ukifungua, warranti imekufa.

Jumamosi ya kwanza, gemu ya mpira. Mchezaji anakimbia, anaganda, ukimwona tena yuko kwenye kibendera cha kona. Kijana mmoja akaniuliza kama hiyo ni mechi au ni picha za harusi. Fremu, yaani picha zinazochorwa, zilikuwa kati ya 11 na 17 kwa sekunde. Ikifika dakika ya nane hivi, skrini inajaa madoa ya zambarau, kisha giza.

Nikampigia. Akasema ni vumbi. Nikapuliza vumbi. Akasema RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, iko moja, ongeza ya pili zifanye kazi sambamba. Nikaongeza. Akasema hard disk ni nzito, weka SSD, ile diski ya kasi. Nikaweka. Na tuseme ukweli, ushauri huo wote ni sahihi kwa kompyuta inayokwamakwama. Ndiyo maana ilinichukua muda kushtuka. Mashine ikawa inawaka haraka, programu zinafunguka upesi, lakini gemu ni ileile. Nikajaribu draiva mpya (programu inayoiendesha kadi) kutoka kwa Nvidia wenyewe, watengenezaji wa chipu, ikakataa kuingia. Hapo akaniambia neno ambalo lingepaswa kunifungua macho: "Usiguse draiva boss, tumia ile niliyokuwekea."

Fundi mmoja jirani yangu, mzee asiye na maneno mengi, alikuja jioni moja na flashi yake. Hakufungua kava. Alichungulia nyuma tu, akauliza, "Hii umeambiwa ni elfu moja hamsini?" Nikasema ndiyo. "Na hii VGA imetoka wapi?"

Nvidia waliacha kutoa mawimbi ya VGA kwenye chipu za familia hiyo, na 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016. Nyuma yake unategemea kukuta matundu ya HDMI, DisplayPort, na mara nyingi DVI. Kile nilichokifurahia dukani ndicho kilichokuwa ushahidi.

Kisha akafungua programu iitwayo GPU-Z, inayosoma chipu iliyo ndani ya kadi. Ni ya bure, ni ya TechPowerUp, na haihitaji kusakinishwa. Unaiendesha kutoka kwenye flashi. Mbele ya jina la kadi palikuwa na neno FAKE ndani ya mabano ya mraba, na alama ya tahadhari. Programu hiyo imekuwa ikizitambua kadi bandia tangu 2018. Chini yake, chipu iliandikwa GF116, na viini (sehemu zake za kukokotoa) 192. 1050 Ti ya kweli ni GP107, viini 768. Yaani chini ya ganda jipya la kadi lenye feni mbili za kung'aa kuna chipu ya enzi za kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti, mambo ya 2010 na 2011.

Wanafanyaje? Kadi ina bayosi yake, programu ndogo ya ndani inayoitambulisha kwa kompyuta, na bayosi huandikika. Mtu anaifuta ya zamani, anaweka iliyochezewa, kadi inajitangaza kwa jina jipya na kumbukumbu isiyokuwepo. Windows haichunguzi; inasoma kile inachoambiwa. Kwa hiyo ule ukurasa aliouwekea kidole ndipo mahali penyewe pa uongo. Na yale madoa ya zambarau? Kadi yangu ina gigi 1 tu lakini inadai 4. Gemu inaamini, inapakia picha, gigi ya kwanza ikijaa inaendelea kuandika mahali ambapo hapapo. Hakuna RAM wala SSD ya kuponya hilo.

Mwishowe mzee akafungua kava, akaninyooshea kidole kitu kingine: waya wa umeme wa pini 6 umechomekwa kwenye kadi kwa adapta ya bei ya chini, ukitoka kwenye waya wa hard disk. 1050 Ti kwa kawaida hula wati 75, ambazo mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaweza kuzitoa yenyewe. Lakini msimhukumu mtu kwa pini 6 peke yake, zipo 1050 Ti halali zilizo nazo. Na kabla hujamwita mtu mwizi, hakikisha waya wa skrini yako umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Hilo kosa nimeliona kwa wateja wangu mwenyewe na halina mwizi yeyote.

Ukienda kununua, beba GPU-Z kwenye flashi na uiendeshe palepale. Omba gemu ichezwe robo saa ukiwa umesimama hapo. Akisema hana gemu, beba yako. Jina kamili la kadi liandikwe kwenye risiti, na ulipe kwa till ya duka. Mwenye mali safi hatakasirika. Wauzaji wawili niliowajaribu baadaye walinivutia hadi kiti.

Nilirudi kwake na picha za GPU-Z. Akanibadilishia kadi bila ubishi, na hiyo peke yake ingepaswa kunitisha. Ya pili nayo ikaonyesha FAKE. Tangu hapo simu haishiki. Nimekusanya ujumbe wa M-Pesa, risiti na picha, ninaenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani. Wanasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60.

Jina lake siliweki hapa kwa sababu hiyo. Ila jana usiku nimeona tangazo lake jipya, picha zilezile, bei imeshuka hadi 36,500. Kwenye picha ya tatu amepiga mgongo wa mashine, na tundu la buluu linaonekana wazi kabisa.