Surface Go 2 yenye Fedora kwa idara ya sayansi: chukua ya 8 GB

Surface Go 2, kishikwambi cha Microsoft, ilitoka 2020. Kwa idara inayotaka daftari la maabara linaloendesha Linux, inavishinda vishikwambi vingi kwa sababu moja: keneli (kiini cha mfumo) ya kawaida ya Fedora, toleo mojawapo la Linux, inakitambua kifaa karibu chote. Mguso, kalamu, Wi-Fi na kugeuka kwa skrini vinafanya kazi bila kuongeza kitu. Keneli ya mradi wa linux-surface, iliyorekebishwa kwa vifaa vya Surface, utaihitaji hasa ukitaka kamera, na hapo itabidi usajili ufunguo wa Secure Boot (kinga inayokubali mifumo iliyotiwa saini tu iwake) kwenye kila kifaa, kimoja kimoja, kwa kibodi. Kamera zenyewe picha zake ni hafifu. Ukiwa na vifaa 20, achana nazo.

Toleo la RAM 4 GB na hifadhi ya eMMC ya 64 GB usilikaribie. JupyterLab (daftari la kuandikia programu na grafu) na kurasa chache za Firefox zikifunguka pamoja, kifaa kinaanza kujikokota, na RAM imechomelewa ubaoni. La 8 GB lenye SSD ya 128 GB linatosha kwa kunakili vipimo, kuchora grafu na kuandika kwa kalamu ndani ya Xournal++. Uigaji mzito upeleke kwenye seva, kishikwambi kibaki dirisha tu.

Kusakinisha si kazi ngumu. Shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha kuwasha, ingia UEFI, yaani mipangilio ya ndani ya kifaa; Secure Boot ikiwa kwenye "Microsoft only", ihamishe kwenye "Microsoft & 3rd-party CA", la sivyo kiendeshi cha USB kitakataliwa. Kisha zima, shikilia cha kupunguza sauti, washa.

Matatizo yanaanza kwenye usimbaji wa diski. LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, huomba nenosiri kabla GNOME (mazingira ya skrini ya Fedora) haijawaka, na hapo hakuna kibodi ya skrini. Mwanafunzi aliyechukua kishikwambi bila kibodi amekwama mlangoni. Dawa ni chipu ya TPM, inayotunza ufunguo ndani ya kifaa na kuifungua diski bila kuuliza:

sudo systemd-cryptenroll --tpm2-device=auto --tpm2-pcrs=7 /dev/nvme0n1p3

(Hakikisha namba ya sehemu ya diski kwa lsblk.) Ongeza tpm2-device=auto kwenye mstari wake ndani ya /etc/crypttab, halafu endesha sudo dracut -f. Nenosiri la LUKS usilifute: mpangilio wa Secure Boot ukibadilika, TPM itagoma na litaombwa tena. Kumbuka pia kwamba sasa anayekiokota kifaa anafika hadi kwenye skrini ya kuingia, kwa hiyo nywila za watumiaji ziwe za maana.

Ukiandaa kifaa kimoja na kuinakili diski yake kwenye vingine kwa Clonezilla, fanya usimbaji na TPM baada ya kunakili, kifaa kwa kifaa. Vinginevyo vyote vitabeba ufunguo mmoja wa LUKS. Kabla ya kunakili, toa data kwenye machine-id (kitambulisho cha kila kifaa) kwa sudo truncate -s 0 /etc/machine-id na ufute funguo za SSH zilizo /etc/ssh/ssh_host_*. Angalia pia /etc/NetworkManager/system-connections: aliyejaribu eduroam, Wi-Fi ya vyuo, kwa akaunti yake huenda ameacha nywila yake humo, na itasambaa kwenye vifaa vyote. eduroam yenyewe isanidiwe pamoja na cheti cha CA cha chuo, kinachothibitisha kwamba mtandao ni wa kweli. Bila cheti hicho, kifaa kitampa siri yeyote atakayefungua mtandao wa jina hilo.

Tundu la USB-C ni moja tu, na hili ndilo kasoro kubwa kwa maabara. Usikubali kifaa kisichokuja na chaja ya Surface Connect, kwa kuwa ndiyo inayoliacha tundu hilo huru kwa vifaa vya kupimia. Arduino (kibao cha kielektroniki cha kupimia) ikikataa kusomeka kwenye /dev/ttyUSB0, mara nyingi mtumiaji hayumo kwenye kundi husika: sudo usermod -aG dialout jina, kisha atoke na kuingia upya. Watakaochagua Ubuntu 22.04 badala ya Fedora wajue kwamba brltty, programu ya vifaa vya breli, huvinyakua vibao vyenye chipu ya USB ya CH340. Iondoeni kama hakuna anayetumia kifaa cha breli.

Kwa kishikwambi kinachokaa kwenye chaja mchana kutwa kando ya mizani, washa kikomo cha betri ndani ya UEFI. Kinazuia chaji isipite 50%. Betri iliyovimba huisukuma skrini, na skrini hii imegandishwa kwa gundi: kuifungua bila kuivunja ni bahati.