Kuweka 2JZ kwenye Cressida ya 1990 na kupita kwa Refa wa moshi California: uzoefu wangu

Marehemu baba alikuwa na Toyota Cressida pale Morogoro, kwa hiyo nilipoiona hii ya 1990, toleo la MX83, inauzwa hapa California sikuulizia mara mbili. Ugonjwa wake ni injini, 7M-GE ya lita 3, ambayo mafundi wanaijua kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Yangu ilipounguza kwa mara ya pili nikaamua naing'oa, naweka 2JZ-GE, injini nyingine ya Toyota.

California wana ukaguzi wa moshi, Smog Check, tangu 1984, na gari la 1990 kama langu halina msamaha. Ukishaweka injini ya aina nyingine, kituo cha kawaida hakikumalizii. Unapangiwa miadi na Referee wa Bureau of Automotive Repair, BAR, idara ya jimbo inayosimamia ukaguzi huo. Sisi tunamwita Refa. Ofisi zao nyingi ziko ndani ya vyuo vya jamii. Huduma yao ndiyo ninayoieleza hapa, na nasema mapema kwamba nimeridhika nayo sana.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Injini iwe ya mwaka wa gari lako au mpya zaidi. Iwe imetoka kwenye gari la daraja hilohilo, usichukue ya lori zito ukaipachika kwenye saluni. Na ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi, kama kiwanda kilivyovifunga. Hicho cha tatu ndicho kinachowaliza watu. Jamaa yangu mmoja alinishawishi ninunue 1JZ ya turbo iliyoletwa kutoka Japani, bei ya kuvutia kweli. Nikampigia Refa kwanza. Jibu likaja palepale: 1JZ haijawahi kuuzwa Marekani kwenye gari lolote, kwa hiyo hakuna cheti chochote cha moshi cha kuilinganisha nacho. Simu ile iliniokolea pesa nyingi.

Badala ya injini tupu nikanunua Lexus IS 300 nzima ya 2002, ambayo ina 2JZ-GE, iliyogongwa ubavuni. Ubavuni, si nyuma, kwa sababu huko nyuma kuna kanista ya mkaa inayonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tenki, na hiyo nayo lazima ihame. Nikahamisha injini, gia boksi yake ya otomatiki ya gia 5, kontroli boksi (kompyuta ya injini), masega yote (catalytic converter, yanayosafisha moshi kwenye ekzosi), sensa za oksijeni za kabla na za baada ya masega, boksi la kichujio cha hewa, kanista na sensa yake ya presha, pamoja na soketi ya OBD-II, ya kuchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, nikaifunga chini ya dashibodi. Stika ya moshi iliyo chini ya boneti ya Lexus niliipiga picha, na risiti yenye namba ya chesisi nikaihifadhi. Vyote viwili Refa aliviulizia.

Waya nilimpa mtu wa gereji anifupishie. Lo! Alinirudishia sensa za nyuma na sensa ya presha zikiwa zimekatwa, eti "hazina kazi". Zina kazi! Bila hizo kontroli boksi haiwezi kujua kama masega yanasafisha wala kama mvuke unavuja. Wikendi mbili nzima nilizitumia kuunganisha waya mmoja mmoja kwa lehemu.

Gari likawaka vizuri, lakini baada ya siku chache taa ya injini ikawaka na kodi P0440, mfumo wa mvuke unavuja. Nilikaza mfuniko wa tenki, nikabadilisha mipira, wapi. Mwishowe nikaazima mashine ya moshi, nikapuliza kwenye mfumo gari likiwa limezimwa, nikalala chini na tochi. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka kwenye shingo ya kujazia mafuta, pale mpira wa Cressida unapovaana na bomba, ufa usiozidi ukucha. Harufu ya petroli ambayo kila asubuhi ilikuwa inanipokea gerejini ikaisha siku hiyo. Kwetu Dar watu wanang'oa masega na kuyauza, na hewa ile wanaivuta watoto wanaosimama kituoni. Inaniuma kweli.

Jambo jingine: ukishafuta kodi au kuchomoa betri, vipimo vya ndani vya kompyuta vinaanza upya. Endesha siku kadhaa, barabara kuu na mjini, ndipo uende kwa Refa.

Miadi ya kwanza nilirudishwa, maana nilikuwa nimeweka kichujio cha hewa cha duara kisicho na namba ya idhini ya CARB, bodi ya California inayosimamia usafi wa hewa. Refa alinionyesha kwa upole, akaniandikia, lakini hakuacha kazi. Aliendelea na kioo na tochi, akifuata mpira mmoja baada ya mwingine akiulinganisha na mchoro, ili nisije nikarudi kwa kosa la pili. Nikarudisha boksi la Lexus. Miadi ya pili ilipita, stika yake ikabandikwa.

Juzi muda wa ukaguzi wa kawaida ulifika. Kijana wa kituo alifungua boneti, akaniangalia, akaangalia tena injini. Nikamwonyesha stika ya Refa. Akaisoma, akalipima gari, na muda si mrefu akanipa cheti.