Wakala wa safari mjini Kigoma: mafunzo ya muhuri mazuri, karatasi yenye kosa

Kwa safari yangu ya pili ya kwenda Guangzhou, China, kununua taa za sola na betri za wavuvi wa dagaa, nilimtumia wakala mmoja wa safari ambaye ofisi yake ipo mjini Kigoma, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Nililipa shilingi 180,000 za huduma, mbali na ada ya viza na nauli, na kwa fedha hizo walijaza fomu, wakapeleka pasipoti Dar es Salaam, wakapanga tiketi, kisha siku mbili kabla ya kuondoka wakaniita ofisini kwa kile wanachokiita maelezo ya msafiri. Kuhusu fomu na tiketi sina la kulalamikia. Pasipoti ilirudi kwa wakati, na kati ya treni na ndege waliniachia siku nzima ya akiba, jambo ambalo aliyewahi kusubiri treni ya Kigoma hahitaji kuelezwa sababu yake.

Maelezo ya msafiri ndiyo yaliyonifanya niandike. Dada aliyenihudumia, ambaye muda wote aliniita mzee wangu ingawa mvi zangu bado zinahesabika, alitandaza mezani nakala za kurasa za pasipoti ambazo majina yake yamefunikwa kwa wino mweusi, akaniambia nitafute makosa. Katika nakala ya kwanza msafiri aliyekuwa akiingia alikuwa amegongewa muhuri wa kutoka. Katika ya pili muhuri ulikuwa umegongwa juu ya mwingine hata tarehe ikawa haisomeki. Ya tatu ilinishinda kabisa, mpaka aliponionyesha kwamba mwaka ulioandikwa ulikuwa ule uliokwisha.

Alisisitiza kwamba msafiri asiondoke dirishani kabla ya kufungua ukurasa na kusoma jina la kituo, aina ya muhuri, tarehe, na idadi ya siku au tarehe ya mwisho pale inapoandikwa. Sababu aliyoitoa ni ya kikazi tu: afisa aliyegonga anaweza kufuta na kugonga upya papo hapo, lakini ukishatoka ukumbini utalazimika kuzunguka ofisini ukieleza jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia. Alieleza pia kwamba mihuri ya China hutanguliza mwaka, na kwamba ziko nchi ambazo muhuri si neno la mwisho. Marekani siku za kukaa huwekwa katika kumbukumbu ya kielektroniki iitwayo I-94, ambayo msafiri huisoma mwenyewe mtandaoni, na nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuhamia kwenye mfumo wa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri. Mimi sina safari ya huko, lakini nilifurahi kuona kwamba hawafundishi kwa kukariri.

Faida yake niliiona mwezi uliofuata, nilipovuka kwenda nchi jirani kwa biashara nyingine. Nilifungua ukurasa nikiwa bado dirishani nikakuta tarehe ya jana. Afisa aliutazama muhuri wake, akacheka, akasema, “Samahani mzee, leo sijageuza tarehe,” akaukata ule wa kwanza kwa kalamu, akagonga mwingine na kutia sahihi pembeni. Haikuchukua dakika mbili.

Sasa nije kwenye karatasi. Kila mteja anayekwenda China hupewa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaofafanua viza yake, na mstari wake wa pili unasema: “Tarehe ya mwisho wa viza: hakikisha umeondoka kabla yake.” Hilo ni kosa, tena si dogo. Tarehe hiyo ni ya mwisho ya kuingia, na muda wa kukaa umeandikwa mahali pengine kwa idadi ya siku. Viza yangu ilikuwa na tarehe 20 Novemba na siku 30, nami niliingia tarehe 2 Septemba, kwa hiyo anayefuata karatasi angejiona ana zaidi ya miezi miwili, na kumbe siku zake zinaisha mwanzoni mwa Oktoba.

Mimi nilikuwa nakaa siku 12 tu, kwa hiyo kosa lisingenigusa. Lilimgusa binamu yangu, ambaye tulisafiri pamoja kwa viza ya namna ileile, na ambaye kwa kuiamini karatasi alikuwa amejipangia mwenyewe kurudi siku ya 41. Tuligundua hotelini, wakati mhudumu wa mapokezi alipokuwa akituandikisha polisi, kama sheria ya huko inavyotaka ndani ya saa 24 tangu mgeni kufika, akamuuliza binamu atakaa siku ngapi, kisha akaigeuza pasipoti na kuweka kidole kwenye namba 30. Faini ya China ni yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kwa siku 11 angedaiwa yuan 5,500, na hiyo ni faida yote ya mzigo wake. Alibadilisha tiketi kwa gharama yake.

Tuliporudi tulikwenda ofisini pamoja. Meneja alikiri kosa bila ubishi na akaomba radhi, lakini alikataa kurudisha gharama ya kubadilisha tiketi, akaahidi punguzo la nusu ya ada ya huduma katika safari ijayo. Kwangu hilo halitoshi, kwa sababu aliyepotosha ni yeye na aliyelipa ni mteja. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wiki mbili baadaye nilipita pale nikakuta rundo lilelile la karatasi juu ya kaunta, na katika nakala tatu za juu ni moja tu iliyosahihishwa kwa kalamu.

Kwa mafunzo ya muhuri ninawapa nyota 5, na kwa karatasi nyota 1. Safari ijayo nitawatumia tena, na nitakayemwomba ni yule dada mwenye nakala zake, ambaye hukaa meza ya karibu na mlango na huwa hayupo Jumamosi.