Biashara ya mbao ngumu: kupima kwa mita za ujazo au kwa dola?

Ukitaka kulinganisha nchi kwa miaka mingi, mimi ningeanza na mita za ujazo. Thamani kwa dola hupanda kwa mfumuko wa bei na hushuka sarafu ikiyumba, hata kama hakuna mti wa ziada uliokatwa. Mita ya ujazo ya 1990 ni ileile ya leo.

Lakini ujazo nao una mtego wake. Gabon ilipiga marufuku kuuza nje magogo mwaka 2010. Ukitazama ujazo wa magogo pekee, utadhani biashara imekufa, kumbe viwanda vya ndani vilianza kupasua mbao na kutengeneza vinia (tabaka nyembamba za mbao). Gogo likipasuliwa, mara nyingi karibu nusu yake huishia kuwa maranda na mabaki. Kwa hiyo usijumlishe magogo (msimbo wa forodha 4403) na mbao zilizopasuliwa (4407) kama vitu sawa. Zigeuze kwanza zote ziwe ujazo wa gogo. Indonesia, iliyozuia kuuza nje magogo mwaka 1985 na kuhamia plaiwudi, inahitaji hesabu hiyohiyo.

Dola zinafaa pale unapouliza nani ananufaika. Mita moja ya msaji haina bei ya mita moja ya mkaratusi, na nchi inayouza kidogo inaweza kuingiza zaidi. Ila toa mfumuko wa bei kwanza, la sivyo mchoro wako utapanda tu.