Nilinunua waleti ya kripto Mtwara, muuzaji akaandika maneno yangu 24 kwenye kaunta buku

Sina kawaida ya kuandika maoni ya vitu ninavyonunua. Hata ile feni iliyokufa siku ya tatu niliinyamazia. Hili silinyamazii.

Kazi yangu ni kunukuu sauti na kutafsiri kwa watu wa nje, na baadhi yao hulipa kwa kripto, zile sarafu za kidijitali. Miaka yote nilikuwa naziweka kwenye programu ya simu. Siku moja simu ikaingia maji Msimbati tulipokwenda kutembea, nikakaa siku mbili sili vizuri mpaka ilipowaka. Nikasema basi, sasa nanunua waleti yenyewe, ile ya kifaa, inayofanana na flashi. Kuna kijana ana duka la simu karibu na soko kuu hapa mjini, akaniambia anaagiza Dar. Nikatanguliza nusu ya hela, mzigo ukashuka na basi. Ulikuwa msimu wa korosho, mji umejaa watu na duka lake limejaa wateja.

Nafika, nakuta boksi limeshafunguliwa. Plastiki ya juu haipo. Kifaa kipo kwenye meza ya kioo, kimechomekwa waya, kinawaka.

"Dada, nimeshakusetia kila kitu. Wewe ni kuingiza hela tu. Namba ya siri ni 1234, utabadilisha ukipenda."

Nikamuuliza, na maneno je, yale 24 ya kurudishia hela kifaa kikipotea? Akacheka. "Hayo yasikupe presha, ninayo hapa." Akainama chini ya meza, akatoa kaunta buku yenye jalada jekundu, akalamba kidole, akaanza kufunua.

Ukurasa wangu nauona mpaka leo nikifumba macho. Juu ameandika "Dada Mtafsiri" na namba yangu ya simu. Chini yake maneno 24 kwa kalamu ya bluu, safu mbili, kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Neno la 17 alilikosea, akalikata kwa mstari na kuliandika upya juu yake. Na kabla ya kufika kwangu alikuwa amefunua kurasa nyingine kadhaa. Kila ukurasa una jina, namba ya simu, na safu mbili za maneno.

Kwa ambaye hajaelewa kwa nini mikono ilianza kunitetemeka: hayo maneno ndiyo hela. Kifaa hakina sarafu ndani, kinatunza ufunguo tu, na ufunguo huo unatokana na yale maneno. Mwenye maneno hahitaji kifaa chako wala namba yako ya siri. Anakaa popote duniani, anayaingiza kwenye kifaa kingine au hata kwenye programu ya simu, anachukua kila kitu. Na hakuna huduma kwa wateja ya kuipigia ukasema muamala umekosewa, naomba urudishwe. Ukishakwenda umekwenda. Ndiyo maana watengenezaji wote wanasema kifaa kije kitupu, maneno yatoke kwenye kioo cha kifaa mbele ya macho yako wewe mwenyewe, na kikija na maneno tayari usikitumie.

Nilimweleza kwa upole. Nilimwita kaka. Nikamwambia kaka yangu, haya maneno hatakiwi kuyaona mtu mwingine yeyote, hata wewe. Akanijibu mbele ya watu: "Hii ni kwa usalama wenu. Mnapoteza vikaratasi halafu mnakuja kunililia mimi. Na wewe dada umeyasomea wapi haya? Mbona wanaume waliochukua hapa hakuna aliyeuliza?"

Mbona wanaume. Jamaa aliyekuwa anabandikiwa kioo cha simu akacheka. Nilichukua boksi langu nikatoka, nikapanda bajaji mpaka nyumbani Shangani bila kusema neno. Kama ningeandika maoni haya usiku ule, yangekuwa mstari mmoja: msinunue, wizi mtupu.

Lakini sikuandika usiku ule, kwa sababu nilikuwa nahangaika na kifaa. Changu ukikosea namba ya siri mara tatu kinajifuta chenyewe. Nikakosea makusudi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nikashika pumzi. Kioo kikazima, kikarudi kinanikaribisha kama kimetoka kiwandani leo. Hapo nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Programu yake nikaipakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, anwani nikaiandika herufi kwa herufi, sikubofya tangazo lolote. Programu ikakikagua kifaa kama ni halisi. Umeme ukakatika katikati, nikangoja, ukarudi, nikaanza upya. Kikapita. Nikaweka namba mpya ya siri, simu nikaiacha chumba kingine kwa sababu ina kamera, nikafunga dirisha, nikaanza kuandika maneno yangu mapya. Moja, bonyeza, la pili, bonyeza. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048 ya Kiingereza. Zipo orodha za Kijapani, Kihispania, Kifaransa na nyingine chache, Kiswahili hakimo, na hilo nalo liliniuma, maana humo mna samaki, nazi, chumvi na bahari, vitu vyetu kabisa, lakini mama yangu hawezi kuvisoma siku nikiwa sipo.

Karatasi hapa pwani si ya kuamini. Unyevu, na mchwa. Vyeti vyangu vya shule mchwa waliviacha nusu. Fundi mageti wa Chikongola alinipa kipande cha chuma kisichoshika kutu, sikumwambia cha nini. Katika orodha ile hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo, kwa hiyo unachohitaji kugonga ni herufi zisizozidi 96. Nilizigonga kwa nyundo na msumari, nukta kwa nukta, siku mbili, mpaka kidole gumba kikatoa lengelenge. Halafu nikatuma hela kidogo sana, nikakifuta kifaa tena makusudi, nikakirudisha kwa kusoma kile chuma tu. Salio likatokea lile lile. Nililia, nasema kweli. Hela ya jasho langu, imetoweka mbele yangu na imerudi kwa chuma nilichokigonga mwenyewe.

Kwa hiyo kifaa nakipa nyota tano. Nilitaka kuandika hivyo na kumaliza. Ila naandika hapa huku nakumbuka kwamba kimekaa mikononi mwa yule kijana kikiwa wazi, sijui siku ngapi, na ukaguzi wa programu hauwezi kunitoa wasiwasi wote. Nimeshaagiza kingine moja kwa moja kwa watengenezaji, na hela kubwa sitaihamisha mpaka kifike. Basi nyota tatu. Siwezi zaidi, na kosa si la kifaa.

Siku ya pili nilirudi dukani. Nilimwambia achane ukurasa wangu mbele yangu. Maneno yale ya zamani hayana kitu tena, lakini nilitaka nione. Akauchana. Halafu akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Nikamwambia uchome. "Dada, una matatizo." Kaunta buku akairudisha chini ya meza.

Watu wananiuliza ni mwizi au hajui? Sina jibu. Pengine anaamini kabisa anawasaidia watu, uso wake haukuwa wa mwizi. Kwangu haileti tofauti: akiingia mwizi dukani, akija mfanyakazi mwingine, akikosana na mtu, kitabu ni kile kile. Na mlalamikaji ataanzia wapi? Benki Kuu ilitangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, sawa, kukatwa tunakatwa. Kituoni nitasema nimeibiwa maneno?

Kinachoninyima usingizi ni zile kurasa nyingine. Jina moja nililisoma vizuri kabla hajafunua, la mzee wa Mikindani ninayemfahamu, mwalimu mstaafu. Nilimfuata kwake. Akanipokea vizuri, shikamoo, marahaba mwanangu, akaniambia sehemu ya kiinua mgongo chake imo mle. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule kijana mstaarabu sana, mwanangu. Amenisetia bure."

Jumamosi narudi tena kwa mzee. Nitabeba nyundo, msumari na kipande kingine cha chuma.